Gemu Mbili Zilizopimwa kwa Mizani ya Samaki

Baba yangu alikuwa na nyumba mbili na mizani moja. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama yangu, Nakaloke, mwendo mfupi kwa teksi ukitoka Mbale. Ya pili ilikuwa Jinja, ya mke mdogo, ambaye tulifundishwa kumwita Mama Mdogo, nami nilimwita hivyo mbele za watu tu. Mizani ilikuwa ya sahani mbili, ya kupimia mukene, wale dagaa wa ziwani ambao Baba aliwanunua kule Wanyange, ufukweni karibu na Jinja, na kuja kuwauza kwetu sokoni. Ilinuka samaki hata ukiisugua kwa majivu.

Katika jambo la wake Baba alimwogopa Mungu sana. Siku tatu alilala kwetu, siku tatu Jinja, inayobaki ikaliwa na barabara. Sukari aliigawa kwa mizani. Sabuni, mchele, nyama ya Idi, vyote vilipita pale, sahani hii ya Nakaloke na sahani ile ya Jinja, mpaka mshale usimame katikati. "Siku ya kiyama," alikuwa akisema, "sitaki kufufuliwa upande wangu mmoja umelala." Mimi niliiamini ile mizani kuliko nilivyomwamini mtu yeyote.

Vita havikuwa na mizani. Vita vya huku kwetu mashariki, Jinja walivisikia redioni. Sisi Nakaloke tuliletewa askari. Walilala shuleni, wakachoma madawati kupikia posho, na huo ndio ukawa mwisho wa masomo yangu, darasa la nne. Koplo mmoja mwenye pengo aling'oa mabati ya jiko letu mchana kweupe, mama yangu amesimama na mwiko mkononi. Aliyemwonyesha nyumba yenye mabati mapya ni mwenyekiti wa kijiji. Yuko hai. Anaswali safu ya mbele, na akitoa salamu upande wa kulia macho yetu hukutana, kwa maana mimi nakaa mlangoni nikimngoja atoke.

Nina ndugu Jinja, binti wa Mama Mdogo, tumepishana mwezi mmoja kuzaliwa. Yeye alisoma muda wote wa vita. Sare zake zilikuwa na mikunjo ya pasi. Mimi nilikuwa nachambua mukene.

Mambo yalipoanza kutulia, magari yakaruhusiwa tena na bidhaa zikaanza kuingia kutoka Kenya. Siku moja Baba akarudi kutoka Busia, mpakani, na maboksi mawili ya rangi ya manjano. Ndani ya kila moja mlikuwa na gemu ya mkononi, ile ya betri, yenye kioo kidogo na vitufe. Tulikuwa tumeziona kwa watoto wa Wahindi waliorudi Mbale, kwa mbali, kama unavyotazama sahani ya mtu mwingine.

Baba hakusoma Kiingereza. Muuzaji wa Busia alimwambia ni mamoja, naye akamwamini, na yule muuzaji nampa sehemu yake ya lawama. Lakini Baba alitaka kuhakikisha. Akatandika gazeti juu ya mizani zisishike harufu, akaweka boksi moja huku na moja kule. Mshale ukasimama katikati, haukutikisika.

"Umeona?" akamwambia Mama. "Sawa kwa sawa. Wewe mkubwa, chagua."

Mama akachagua boksi lililonyooka. Lile lililobonyea pembeni likaenda Jinja. Mama yangu, Mungu amrehemu, naye nampa sehemu yake.

Kwenye boksi letu palichorwa mlima unaowaka moto, ndege, na mtu anaruka. Ndani mlikuwa na mtu na kikapu. Basi. Maembe yanadondoka, yeye anakimbia kushoto, anakimbia kulia, anayadaka. Ukikosa matatu amekufa. Hakuna mlima. Ndege niliingoja wiki nzima, nikidhani labda inakuja ukidaka mengi. Nikadaka mengi. Nilidaka mpaka vidole vikawa na malengelenge, na watoto wa jirani wamenizunguka wanapiga kelele, "Bado, bado, inakuja!" Nikafika mia tisa tisini na tisa. Embe moja likadondoka, nikalidaka, na hesabu yote ikarudi sifuri. Yule mtu akaanza upya kama hajawahi kunijua. Ukiizima, ilikuwa mbaya zaidi, ilisahau kabisa kwamba umecheza.

"Ndege yako imeanguka," mtoto mmoja akasema, wakatawanyika.

Askari walikuwa bado kwenye kizuizi cha barabarani. Mmoja aliniona nayo, akanyoosha mkono, nikampa. Nililia, lakini si sana. Baada ya siku mbili akaniita nikipita na beseni.

"Wewe musichana! Kuja hapa."

"Ndiyo, afande."

"Hii kitu yako haina akili. Mutu anakimbia na kikapu, anakimbia na kikapu. Nafikiri atafika wapi? Hapana fika. Chukua."

Hebu fikiria. Watu waliochukua mabati, mbuzi, redio, mpaka kitanda cha bibi wa jirani, hiyo gemu waliirudisha. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana nilijiambia kwamba angalau kule Jinja ndugu yangu naye yuko na mtu wake wa kikapu, na Baba ametupima sawa.

Mama Mdogo alipojifungua nilipelekwa Jinja kusaidia kazi. Nilifika nikamkuta ndugu yangu kibarazani ameinama. Sikusikia mlio wa maembe. Nikachungulia. Kwenye kioo chake matofali yalikuwa yanashuka kutoka juu, moja moja, kila moja na umbo lake, jingine refu, jingine mraba, jingine limepinda kama kiwiko. Unaligeuza, unalisukuma, unalipanga. Mstari ukijaa unafutika, nafasi inapatikana. Kadiri unavyoweza, ndivyo yanavyoongeza mbio.

Alinipa zamu. Nilikuwa mtoto wa nyumba iliyobomolewa jiko, na hapa kulikuwa na kitu unachokipanga na kikapangika. Tangu siku ile sijaona gemu nyingine inayostahili kuitwa gemu, na wanangu wamenionyesha nyingi kwenye simu zao. Nilipomrudishia niliona wivu wa kunikausha mate. Si wa sare wala wa shule, hayo nilikuwa nimeyazoea. Huu ulikuwa mpya.

Pembeni ya kioo palikuwa na namba kubwa ambayo haikubadilika.

"Hii namba ni nini?"

"Ya aliyeshinda wote. Hii inakumbuka."

"Ni wewe?"

"Mimi wapi! Ni ya Baba."

"Baba yupi?"

Akanitazama, akacheka. "Kwani unao wangapi, dada?"

Nikamwambia Baba hachezi. Kwetu Baba alikula, akaswali, akalala na redio juu ya kifua. Ndugu yangu akasema, ngoja tu, kesho yuko hapa.

Kesho yake baada ya alasiri Baba aliingia, nami nikiwa uani naosha nepi. Alikaa kibarazani, akatia miguu kwenye beseni la maji. Binti yake akamletea gemu bila kuagizwa, kama mtu anavyoletewa maji ya udhu. Na Baba akaanza kuongea. Alikuwa anaongea na matofali! "Njoo, wewe mrefu, njoo kwa baba. Aa, wewe kilema sikukuita. Haya, geuka, geuka." Binti yake amemwegemea begani anamwambia, "Kushoto, Baba, kushoto, utakufa!" wanacheka wote wawili.

Nikatoka na beseni langu. Baba akaniona, na gemu ikaruka kutoka mkononi mwake kurudi kwa mwenzangu, kama mtu aliyefumwa anakula mchana wa Ramadhani.

"Nilikuwa natazama betri," akasema.

"Baba, ya kwetu hujawahi kuishika."

"Ya kwenu si ndiyo hii hii? Niliipima."

"Ya kwetu ni mtu na kikapu."

Hakuelewa, au hakutaka. Nikakaa na jambo hilo siku nyingi, nikichota maji, nikipika uji wa mzazi. Siku ya kuondoka ilipokaribia, wageni wamejaa kumtazama mtoto, nikasema mbele yao, kwa sababu mbele ya wageni Baba hakuweza kukwepa haki: "Baba, hii gemu nayo igawe siku. Ikukute Jinja siku tatu, ikukute Nakaloke siku tatu."

Mama Mdogo akasonya. "Ee! Sasa hata kidude kina zamu?"

Baba akajikuna ndevu. "Mtoto amesema haki," akasema. "Itakwenda."

Asubuhi ya safari nilimkuta ndugu yangu ametoa betri, amezianika ukutani kwenye jua. Sote tulifanya hivyo zama zile, betri ikichoka unaianika, inapata nguvu kidogo. "Zisikufie njiani, dada," akasema, sauti tamu. Lakini alijua, na mimi nilikuwa nimeshajua, kwamba betri zikitoka ile mashine inasahau. Alipozirudisha na kuiwasha, mahali pa namba ya Baba palikuwa na sifuri. Hakutaka niondoke na namba ya Baba. Akaniambia hakukumbuka. Alikumbuka.

Basi Baba akaja Nakaloke, na gemu nzuri ikiwa kwetu. Siku ya kwanza niliiweka mkekani karibu na kichwa chake. Alilala na redio. Siku ya pili nikaiweka juu ya redio yenyewe. Aliisogeza, akakaa na Mama kuzungumzia mabati, mwenyekiti, bei ya mukene iliyoanguka. Siku ya tatu nikatia beseni la maji chini ya miguu yake, kama kule, nikaiwasha, nikampa mkononi. Nikamwegemea begani.

Alicheza. Hakumwita mrefu wala kilema. Matofali yakajaa hovyo mpaka juu, yakamziba. "Kushoto, Baba," nikasema, lakini nilisema kwa sauti ndogo, na yeye macho yake hayakuwa kwenye kioo. Alikuwa anaangalia jiko letu, lile lililoezekwa nyasi.

"Macho yangu mabovu, mwanangu," akasema, akanirudishia.

Usinihukumu kwa nilichofanya, maana wenye kustahili hukumu nimeshawataja. Niliifukia gemu ndani ya debe la unga wa muhogo. Baba alipofunga mizigo aliiuliza.

"Wamechukua askari."

Akainua kichwa. "Askari wale wale waliorudisha ile nyingine?"

"Ndiyo."

Hakupekua. Aliikunja mizani yake, akasema, "Basi nipe ya kikapu niipeleke Jinja. Kila nyumba iwe na moja." Akaondoka nayo. Nami nilifurahi, sitaficha, nilifurahi mpaka nikaimba nikitwanga. Akilini nilimwona Baba kibarazani Jinja na yule mtu wake anayekimbia bure, na binti yake hana la kumwambia. Kama kwetu hachezi, na kwao asicheze.

Miaka imepita. Baba amekufa, wake zake wote wawili wamekufa. Katika mirathi mimi niliomba mizani, wakanipa bila ubishi, nani anataka chuma kinachonuka samaki. Ndugu yangu sasa ni mwalimu Budondo, ana miwani na mkoba. Mwaka huu alikuja Nakaloke kwenye dua ya Baba. Tulipokuwa tunaosha masufuria akauliza, bila kuinua kichwa:

"Dada, ile gemu ya matofali, kweli walichukua askari?"

"Askari."

"Haya." Akasugua sufuria. "Mimi wala sikukasirika, unajua. Yule wa kikapu alituchosha siku mbili tu, Baba akamtupa kabatini. Ndipo akanichorea dama kwa mkaa kwenye ubao wa kasha la mukene. Tukaokota vifuniko vya soda. Tulicheza kila alipokuja, mpaka nakwenda chuo cha ualimu. Hakuniachia kushinda hata siku moja, mzee yule! Akinila kete anaziita kwa majina."

Sikujua kama ananigawia kumbukumbu yake au ananichoma. Mpaka leo sijui. Nilimuuliza ubao wenyewe uko wapi.

"Ninao. Upo chini ya kitanda changu."

"Nipe."

"Hapana, dada. Huo siwezi."

Nilimsindikiza kwenye teksi, nikamfungia na vitunguu. Niliporudi nikatoa gemu kwenye debe. Siku hizi ni debe jingine na unga mwingine, lakini gemu ni ile. Nikaishusha mizani kutoka msumarini, nikaipangusa, nikaiweka gemu kwenye sahani ya upande wa Nakaloke. Nikatafuta nyumba nzima cha kuweka upande wa pili, nisikipate. Mshale ukakaa pale pale ulipokaa, na upande mmoja umelala.