Pistoni za Tonton Deo

Kila Jumapili asubuhi nyumba ya Tantine Vero, kule Gihundwe, ilinuka petroli kabla haijanuka chai. Tantine alikuwa mjane wa Tonton Deo, mdogo wake Papa, baba yangu. Kabla ya misa alijifunga kitenge, akapanda pikapu ya marehemu na kuiwasha. Kuendesha hakujua, aliwasha tu, akaweka mikono mapajani, akasikiliza. Injini ilikohoa, ikasafisha koo, kisha ikaunguruma hivi kwamba samaki wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukavu, naapa, waligeuza vichwa. Sisi watoto tuliiga kwa midomo, na bingwa nilikuwa mimi, msichana mwenye meno mawili pungufu. Siku moja niliunguruma nyuma ya jiko, mbwa wa Tonton akatoka mbio hadi getini kumpokea bwana wake. Binamu zangu walicheka hadi wakakaa chini. Tantine aliniomba nirudie.

Papa naye alikuwa na gari dogo la zamani, lililovuka mpaka pamoja na pikapu hiyo tuliporudi kutoka Kongo. Injini zao zilikuwa ndugu kama wenye magari: silinda za upana mmoja, ila pistoni za gari letu zilipanda na kushuka mwendo mrefu zaidi. Kiangazi kimoja gari letu lilitoa moshi wa kukausha samaki wa soko zima la Kamembe. Pistoni zilikuwa zimekwisha, na nyingine hazikupatikana Kamembe wala Bukavu. Papa alikuwa ameshaapa mbele ya wakwe kwamba siku ya harusi dada yangu atakwenda kanisani kwa gari hilo na si jingine. Fundi Shabani akasema za pikapu zitaingia. Papa akaenda kuomba, mimi nyuma yake. Tantine alimenya viazi hadi sahani ikajaa, ndipo akajibu.

“Ni ya kuazima, shemeji. Kiisha ndoa, unanirudishia.”

Shabani alipima upana wa pistoni hizo kama mtu anayepima dhahabu. Kimo hakupima. Zilipoingia kwenye injini yetu yenye mwendo mrefu, zilipanda zikachungulia juu ya bloku, kiwiliwili cha injini. Kifuniko kikifungwa, zingekigonga. Harusi ilikuwa imefika mlangoni. Shabani akasema dawa ni kuzipeleka kwenye mashine ya kukereza, vichwa vipunguzwe. Akasema pia, polepole, kwamba zikishakatwa hazitafaa tena kule zilikotoka. Papa alilizunguka gari, akapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. “Kata,” akasema. Chembe za aluminiamu zilidondoka sakafuni zikimetameta, nikaziona nzuri, nikajaza mfuko wa gauni.

Harusi ilinoga, mji mzima ulisimama, au basi mtaa wetu. Jumapili iliyofuata Papa aliendesha hadi Gihundwe, akaegesha ubavuni mwa pikapu na kuacha injini ikiunguruma. Alimweleza Tantine yote bila kujitetea, kisha akamwambia pistoni ni zilezile, Deo yumo humo ndani, na kila Jumapili atakuja kumwashia. Tantine aliweka kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa kama anayesikiliza tumbo la mjamzito.

“Haiko ye,” akasema, si yeye. “Haiko ye, shemeji.”

Akaingia ndani kuvaa viatu vya misa. Papa alitimiza ahadi, Jumapili baada ya Jumapili. Tantine alifunga dirisha.

Siku hizi Papa hayupo, na gari ni langu. Katika shule ya jioni nilikosomea ufundi, mwalimu alipofika kwenye kimo cha pistoni nilitoka nje, nikalia machozi ya kuongeza maji mto Rusizi. Simu yangu ina sauti za kila kitu, hadi mbuzi wa jirani akipiga chafya. Sauti ile ya pikapu hakuna aliyeirekodi. Juzi nilikaa na Tantine, ambaye sasa haoni vizuri, mbele ya pikapu iliyoota nyasi. Akaniomba nimfanyie ile ya Tonton, kama zamani. Nikavuta pumzi, mimi bingwa. Ikatoka sauti ya gari letu. Nikajaribu tena, ikatoka ileile. Tantine akapapasa hadi akalipata goti langu.

“Aksanti, mama,” akasema. “Inatosha.”