Kitanda Kilichopanda Relini

Heche, fundi wa kuchomelea vyuma pale Matongo, alimpoteza mkewe kwa sababu ya fremu ya kitanda. Hakuna aliyemwonea huruma, hata mimi. Mtu mwenye akili timamu hafungui boliti za kitanda cha ndoa mchana kweupe ili apate chasisi ya kichwa cha treni. Heche alizifungua, akapima, akatabasamu. Mkewe, Boke, akavumilia wiki nzima kulala sakafuni. Siku ya nane alifunga nguo zake akarudi kwao Machochwe.

Kichwa chenyewe kilimfika Heche kiunoni. Mota ilitoka kwenye pikipiki ya umeme iliyopata ajali, na betri zake za lithiamu alizisifu hata pasipo kuulizwa: nyepesi, hazina maji ya tindikali, zinakaa na chaji kutwa. Reli aliizungusha uwanja mzima, kutoka jikoni, ikapanda kilima kidogo nyuma ya zizi la ng'ombe, ikarudi jikoni. Ni ya kubebea watu siku za mnada, alisema. Watu, si mihogo.

Ndipo akaja Elia, kaka yake Boke, na ujumbe wa mama yao, Ghati.

"Shemeji, mama anasema kitanda kilichomlaza binti yake chini kimbebe yeye kwanza. Kikimzungusha mara moja bila kukwama, Boke anarudi. Kikikwama, usahau."

Jasho likamtoka Heche. Kwa Wakurya mkwe hamkaribii mama mkwe, wala hampi mkono, na kwenye treni ndogo namna ile abiria hukaa mmoja nyuma ya mwenzake, magoti yakigusa mgongo wa aliye mbele. Akarudi kwenye michoro yake. Kati ya kichwa na behewa la mama mkwe akaongeza mabehewa manne matupu, yote ya kubeba heshima tu.

Jumamosi Ghati alifika na mwavuli, mama wa mwili wa kutosha. Boke alikuwa nyuma yake na furushi kichwani, na hakulitua.

"Shikamoo mama," Heche akasema, akiwa amelitazama zizi.

"Marahaba."

Ghati akapanda behewa la mwisho, Heche akapanda kichwa. Treni ilikwenda vizuri mpaka kilimani, na hapo magurudumu yakaanza kuzunguka bure, treni imesimama tuli. Heche alilijua kosa papo hapo na likamchoma. Kwa wepesi wa zile betri alizozisifu, kichwa kilikosa uzito wa kukanyaga reli, na heshima zake nne zilikuwa zinakivuta nyuma.

"Muulize kinataka nini," Ghati akamwambia Elia, aliyekuwa akitembea kando ya reli.

"Uzito," Heche akajibu, bado analitazama zizi.

Elia akamgeukia mama yake. "Mama, anasema kinataka mtu wa kuheshimika."

"Kinataka kilo," akasema Ghati. "Ninazo. Mwambie ashuke, huku kukwama sitakuhesabu."

Heche aliruka, akatimua mbio mpaka nyuma ya ghala la mahindi. Ghati akakikalia kichwa. Maelekezo yakatoka ghalani kwa kupitia mdomo wa Elia: zungusha mpini taratibu, mama, taratibu. Magurudumu yakashika. Treni ikakipanda kilima ikateremka, mwavuli juu, ikafika jikoni.

Heche alilia kwa furaha. Boke alikuwa amelitua furushi mlangoni.

Lakini Ghati hakusimama. Akapita mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne Elia akaacha kucheka, akamfuata Heche ghalani.

"Shemeji, hii siyo ile fremu ya kitanda chenu?"

"Ndiyo. Kesho naunda chasisi nyingine, kitanda kinarudi ndani."

"Kinarudije? Si mama amekikalia?"

Heche akakaa chini. Kitanda alichokikalia mama mkwe, mkwe hakilalii tena, labda azaliwe upya.

"Mwambie hicho sasa ni treni!" Ghati akapaza sauti akipita mara ya tano. Betri zile, ambazo leo Heche aliziombea ziishe, zilikuwa bado mbichi.

Boke akaja ghalani, akalifungua furushi lake mbele ya mumewe. Chini ya nguo kulikuwa na mkeka mpya, mpana, wa watu wawili.