Walininukuu Kila Mahali, Hakuna Aliyenisoma

Siku jina langu lilipotajwa kwa mara ya kwanza kwenye jarida kubwa la tiba, nilitajwa kwa neno ambalo sikulisema.

Tena si neno dogo. Mimi nilisema dawa ina madhara. Wao wakaandika nimesema ni salama.

Kaa vizuri nikusimulie, maana kuna asubuhi hata mimi mwenyewe naamka nikidhani niliota.

Mimi ni mtafiti wa tiba, mtu wa maabara. Mtaani wameshindwa kabisa kuelewa maana yake. Mtu anakugongea mlango kashika shavu, "Dokta, jino linaniua." Namwambia, "Ndugu yangu, mimi nashinda na panya." Anasubiri tu hapo mlangoni, anadhani namringia.

Basi wakanibatiza jina, Mama Panya. Nikakubali yaishe.

Aliyenilea ni kaka yangu, fundi vigae. Wazazi walitutoka mapema, yeye akawa baba, akawa mama, na siku nyingine akawa polisi. Ukimuuliza mdogo wako anafanya kazi gani, anajifuta vumbi kwanza, ndipo anajibu, "Mwanasayansi." Analitamka polepole, kama lina mifupa.

Kaka alikuwa na kisukari. Na magoti yake, kwa kazi ile ya kupiga magoti kutwa, yalikuwa yamekwisha.

Sasa kulikuwa na dawa moja ya maumivu ya viungo iliyokuwa inasifiwa kila kona. Sitaitaja. Nikajiuliza, mwenye kisukari akiimeza, figo zake zinakuwaje? Swali lilitoka wapi, nadhani umeshaelewa.

Kazi ile ilinila miaka. Tulianza na panya, tukaja kufuatilia wagonjwa. Majibu yalipotoka hayakuwa na chenga. Panya wenye kisukari, figo zilikufa. Kwa wagonjwa, picha ile ile.

Nilimwambia kaka jioni hiyo hiyo, "Vile vidonge vya magoti wanavyovisifia, usiviguse."

"Hata kimoja?"

"Hata nusu."

"Sawa, mwanasayansi."

Nikaandika makala. Mkuu wa idara akasoma kichwa cha habari tu, akakunja uso. "Kimepoa hiki. Weka swali, uwavute watu."

Nikaweka swali. Je, dawa hii ni salama kwa mwenye kisukari? Jibu likawa ndani, limenyooka kama rula: hapana, si salama.

Ila ilibidi mtu afungue ndani.

Nikueleze kitu kimoja kuhusu dunia yetu. Mtafiti mwenzako akiitaja makala yako ndani ya yake, hiyo inaitwa nukuu. Nukuu zako zikiwa nyingi, wewe ni mtu. Zikikosekana, wewe ni kivuli chenye koti jeupe.

Makala yangu ilitoka. Nikasubiri. Kimya kama maji mtungini.

Mwenzangu wa meza ya jirani, tuliyemwita Hadubini kwa vile hakuna la mtu lililompita, akawa ananitania. "Makala yako imezaliwa bubu, dada. Ipeleke kwa wazee."

Mwaka ukapita, na mwingine ukafuata.

Halafu asubuhi moja Hadubini akaruka kwenye kiti. "Wee! Umenukuliwa! Tena na gwiji mwenyewe!"

Nilipiga kigelegele mle mle maabara. Hadubini akanishika mikono, tukacheza kama watu waliopagawa. Gwiji yule wa ng'ambo, akikohoa tu, madaktari wanaandika.

Nikafungua, nikatafuta jina langu, nikalipata.

Imeandikwa: "Imethibitishwa kuwa dawa hii ni salama kwa wenye kisukari." Na mbele yake, jina langu.

Nikaisoma tena. Nikamwita Hadubini aisome, labda macho yangu yana matatizo.

Akasoma. Akakuna kichwa. "Amesoma kichwa cha habari tu huyu."

Nikamwandikia gwiji siku ile ile, kwa adabu zote. Akajibu msaidizi wake: asante kwa maoni yako muhimu, tumeyapokea. Nikawaandikia wahariri wa jarida lake. Wakasema muda wa kutuma maoni umepita.

Nadhani hapo ungesema, nukuu moja tu, ina nini? Hata mimi nilijifariji hivyo.

Lakini watafiti ni watu kama wewe. Wana haraka. Wa pili alisoma makala ya gwiji, akabeba sentensi ile nzima pamoja na jina langu. Wa tatu akabeba kwa wa pili. Wa nne kwa wa tatu. Makala yangu ilikuwa kwenye jarida lililofungwa, husomi mpaka ulipie. Nani ahangaike, na sentensi iko hapo tayari imepikwa?

Namba ikaanza kupanda. Ikawa makumi. Ikawa mamia.

Kila mmoja nilimwandikia. Wengine hawakujibu. Mmoja aliomba radhi, akasema atarekebisha, hakurekebisha. Mwingine, nisikufiche, alinijibu hivi: "Naweza kupata nakala ya makala yako? Sijawahi kuiona."

Na alikuwa ameshainukuu mara mbili!

Nikaenda kwa mkuu wa idara. Nikamwambia, mkuu, natajwa kinyume, watu wataumia.

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa anayekataa uji. "Binti yangu, unajua wangapi humu wanatamani kutajwa hata kwa matusi? Idara yetu imepanda kwa sababu yako. Tulia."

"Mkuu, ni figo za watu."

"Tulia, nimesema."

Wakanipandisha cheo. Wakaandaa sherehe ukumbini, viti vimevalishwa vitambaa, maua ya plastiki mezani. Kaka alikuja na suti ya kuazima, mikono ya koti inamfika vidoleni. Akakaa mbele kabisa.

Nikaitwa kupokea ngao. Nikashika kipaza sauti, nikasema kwa sauti isiyo na utani, "Ndugu zangu, wote walioninukuu wamekosea. Mimi sikusema dawa ni salama. Nilisema si salama."

Watu wakatazamana.

Halafu mtu wa nyuma akacheka. Wakafuata wengine. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mshereheshaji akanipokonya kipaza sauti akisema, "Mnaona wasomi wakubwa wanavyojishusha!"

Kaka alipiga makofi kuliko wote. Alisimama kabisa. Kule mbele, chini ya jukwaa, spika ilikuwa inakwaruza, na baadaye nilikuja kujua kuwa hakusikia hata neno moja.

Maisha yakaendelea. Nikawaandikia wanaotunga mwongozo wa matibabu, ule ambao madaktari wanaufuata, maana nao walikuwa wameinukuu ile sentensi. Wakasema hoja yangu itajadiliwa mwongozo utakapopitiwa upya. Lini? Haijapangwa.

Siku moja mke wa kaka akanipigia. "Wifi, kaka yako kavimba miguu. Na uso. Njoo."

Nilimkuta kitandani hospitali, kafura, mdomo mkavu. Nikavuta karatasi ya majibu ya damu pale miguuni mwa kitanda. Sikuhitaji kuambiwa. Picha hiyo niliijua kwa panya, nikaijua kwa wagonjwa, sasa ilikuwa imelala mbele yangu, imeandikwa jina la kaka na la baba yetu.

"Kaka. Umemeza nini?"

"Dawa ya magoti."

"Ipi?"

Akaitaja.

Nikamshika bega nikasahau kama anaumwa. "Si nilikukataza! Si nilikwambia hata nusu!"

"Nilimwambia daktari hivyo hivyo," akasema polepole. "Nikamwambia, dada yangu ni mwanasayansi, kanikataza. Akaniuliza, dada yako nani? Nikamtajia jina. Akashangaa, mdogo wangu, ungemwona! Akafungua simu, akanionyesha mwongozo wao. Jina lako liko pale. Akasema, huyu ndiye aliyethibitisha ni salama."

Akavuta shuka juu.

"Nikawaza, labda ulinikataza zamani, kabla hujamaliza utafiti. Nilitaka kukupigia. Nikasema aah, ana kazi nyingi, na jibu lake si hili hapa? Nikameza kwa sababu ni wewe."

Halafu akatabasamu. "Magoti yalipona kweli. Niliweka vigae vya nyumba nzima bila kusimama."

Sikuweza kumwambia. Wewe ungeweza? Nilitoka nje ya wodi, nikaegemea ukuta.

Daktari alipita. Kijana tu, kalamu tatu mfukoni, macho mekundu kwa usingizi. Aliposikia jina langu alisimama wima. "Ni heshima kubwa, Dokta. Makala yako tunaitumia sana hapa."

"Umeisoma?"

"Eeh... nimeiona kwenye mwongozo."

Nikamfungulia kwenye simu yangu. "Isome."

"Sasa hivi nina wagonjwa—"

"Isome."

Akaanza kusoma amesimama, pale kwenye ubao wa matangazo. Kurasa za mwanzo alizipitia haraka. Akapunguza mwendo. Akarudi nyuma, akasoma tena. Alipofika kwenye figo za wagonjwa, alitafuta benchi kwa mkono bila kutoa macho kwenye simu.

Aliimaliza yote, mpaka mstari wa mwisho.

Miaka yote ile, yeye ndiye alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu akiisoma makala yangu hadi mwisho. Akanirudishia simu.

Sikumtukana. Ningemtukana nani? Yeye alifuata mwongozo, mwongozo ulimfuata gwiji, na gwiji alifuata haraka yake.

Kaka walimweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Ikamshikilia muda, halafu ikashindwa. Tulimzika mchana wa jua kali. Wenzake mafundi walikuja na nguo za kazi, kaburi wakalizungushia vigae wenyewe, vimenyooka hata uzi hauoni kosa.

Mpaka mwisho hakujua ukweli. Alikufa akiwaambia manesi kuwa jina la dada yake liko kwenye kitabu cha madaktari.

Daktari yule kijana aliacha kuwaandikia watu dawa ile. Tukaandika pamoja barua kwa watu wa mwongozo, tukaeleza kifo kile hatua kwa hatua. Wamejibu. Hoja itajadiliwa mwongozo utakapopitiwa upya.

Na unajua nini? Nukuu zangu bado zinapanda. Wiki iliyopita Hadubini kaniambia nimeingia kwenye wanaotajwa zaidi katika fani yetu. Hakupiga kelele safari hii. Alisema kwa kunong'ona, akarudi kwenye meza yake.

Somo? Kutajwa si kusikilizwa. Mtu anaweza kulibeba jina lako mdomoni mwaka mzima asijue ulisema nini.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kabla hujamwambia mgonjwa wako "fulani amesema," nenda kwanza kamsikilize huyo fulani. Pengine yuko mahali anapiga kelele mpaka sauti imemkauka, na watu wanampigia makofi.