Mpanga Barua na Kona Yake

Habari ya kifo chake ilinikuta Usagara, Alhamisi asubuhi, kipande cha muhogo kikiwa njiani kuelekea kinywani. Kikarudi sahanini. Wasomaji wangu mnaonijua mtaelewa uzito wa msiba, maana muhogo haujapata kunirudi mkononi tangu niache kunyonya. Aliyefariki alikuwa mpanga barua wa posta moja ya mji huu, mtu ambaye wengi wenu hamkumjua sura ingawa barua zenu zilipita mikononi mwake. Tulimzika Mabawa baada ya adhuhuri, na watu walijaa hata nikadhani Tanga nzima imefunga maduka.

Nilimfahamu nilipokuwa nikiuza stempu dirishani katika posta hiyo, ndio kwanza nimehitimu masomo ya jioni, najiona nimewazidi elimu maliwali wote wa pwani. Yeye hakuwa na cheti chochote. Lakini mwajua jinsi watu wetu wanavyoandika anwani. Namba ya sanduku la posta ni mambo ya matajiri, sisi twaandika, “Imfikie mama, Tongoni, kwa fadhila ya muuza mkaa mwenye baiskeli, inshallah.” Mwenzangu aliitazama bahasha kama hiyo mara moja tu, akaitia katika kitundu chake kabatini, na muuza mkaa akija mjini aliikuta inamngoja. Aliwajua mafundi cherehani, wakwezi, wake zao na mashemeji zao. Naapa angaliweza kuifikisha barua iliyoandikwa “Kwa yule.” Hakuna aliyemwagiza kazi hiyo. Bwana mkubwa wa zamani alimwachia kona yake aipange atakavyo, naye akawa anafika kazini kabla ya mwenye ufunguo.

Kisha akaja bwana mkubwa mpya, Mzungu kijana, nadhifu, wala si mbaya wa moyo. Akatoa amri: barua isiyo na namba ya sanduku irudishwe ilikotoka, na mpanga barua asiamue lolote bila saini yake. Kazi ikapungua nusu. Nilidhani mwenzangu atanenepa. Kumbe ndio kwanza akaanza kuchoka. Akawa mtumishi asiye na kasoro, anaingia saa ile ile, anatoka saa ile ile, na katikati anaitazama saa ya ukutani kama aliyekosana nayo. Nilipomuuliza anaumwa nini, alisema haumwi; ni mikono tu inayokuja kazini, mwenyewe kabaki nyumbani.

Palikuwa na mama wa Tongoni aliyekuja kila Jumatatu kuulizia barua ya mwanawe, kibarua katika shamba la mkonge upande wa Korogwe. Jumatatu moja alikuja kutusimulia. Mwanawe alikuwa amelazwa hospitali, akamwandikia aende, na barua ikamrudia. Mama alipata habari kwa mdomo wa mtu aliyekuja likizo. Alipofika huko alimkuta kijana keshaanza kukaa kitako, lakini siku zote zile alidhani mama yake amekataa kuja. Mama hakutulaumu. Alicheka kidogo, akasema barua ile imepanda treni mara nyingi kuliko yeye. Mwenzangu hakucheka. Bahasha ile aliikumbuka, na muhuri wa kuirudisha aliugonga mwenyewe. Tena Jumatatu aliyoirudisha, mama alisimama mbele yake, naye akamwambia, “Leo hakuna kitu, mama.” Saini ya bwana hakuiomba. Alikuwa amekwisha kuzoea kutoamua.

Aliuchukua muhuri, akaingia ofisini kwa bwana mkubwa na kuuweka mezani. Mlango ulikuwa wazi, nami nikasikia yote. Bwana alisema amri ni ya posta zote. Mwenzangu alijibu polepole, na ilikuwa imemsalia miaka miwili tu apate kiinua mgongo:

“Bwana, mwenye barua ile namjua. Zamani ningalishindwa hata kula. Safari hii niligonga muhuri, nikaenda kula, nikashiba. Nirudishie kazi yangu, au niache niende nyumbani.”

Kwa kutega sikio nikamuuzia mtu mmoja stempu ile ile mara mbili. Mwishowe bwana akakubali: kona ni yake, lakini kila barua atakayoiamulia aandike jina lake nyuma ya bahasha, na ikipotea atajibu yeye. Mwenzangu alitoka anatabasamu kama aliyepandishwa cheo, na kumbe alichopewa ni lawama.

Siku hizi barazani twazungumza sana habari ya viti vya Wazungu maofisini vitakavyokuwa vyetu uhuru ukija. Ni haki yetu, na mimi nimekwisha kukipima changu kwa macho. Lakini tangu mazishi yale najiuliza tutakaaje juu yake. Mtu akinyimwa kuamua, hapungukiwi kazi tu. Moyo nao hujifunza kutouma. Mimi sasa niko bomani, nina makarani wawili chini yangu, na mwaka mzima nimewalazimisha waniulize kila kitu, hata habari ya wino, kisha nikalalamika kwamba ni wavivu. Jumamosi mmoja wao alikuja kuniuliza ajibu vipi barua ya jumbe anayeomba kisima. Nilimwambia ajibu aonavyo, atie jina lake mwenyewe. Alisimama kidogo mlangoni, akaniuliza kama sina homa. Kisha akavuta kiti, akachovya kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, kengele ya kutoka ikapigwa asiisikie.