Mzima Namba Saba

Saa mbili na robo asubuhi. Daktari anatandaza karatasi nyeupe mezani, anaibandika pembe zote nne kwa utepe isiteleze, kisha anatoa kalamu.

"Chora konokono. Anzia katikati, zunguka kwenda nje, mkubwa kadiri unavyoweza."

Anayepokea kalamu ni mumewe.

Daktari huyu bingwa wa mishipa ya fahamu, mwenye umri wa miaka 58, ametumia miaka kumi na tisa kutafiti magonjwa yanayoharibu mwendo wa mwili: mikono inayotetemeka, miguu inayogoma kupiga hatua. Wagonjwa 640 wamemchorea konokono, mara moja kila mwaka. Mchoro ukianza kusinyaa, yeye huanza kuuliza maswali.

Utafiti kama huu unahitaji pia watu wenye afya, wa kulinganishia. Alipata 120: wafagizi wa hospitali, ndugu waliosindikiza wagonjwa, na mumewe, fundi saa, aliyepewa namba saba.

"Alikubali kwa sababu ya chai ya bure," anasema daktari. Anacheka kidogo.

Miaka minne iliyopita, mumewe alifunga duka. Skrubu ndogo za saa zilikuwa zinamponyoka. Akasema ni uzee tu, na mkewe hakubisha. Alipoanza kuburuta miguu sebuleni, mkewe alikuwa akimkemea: "Nyanyua miguu, mzee, unazimaliza hizo ndala."

"Mimi huyo," anasema, akijigusa kifuani. "Mimi niliyeandika makala ishirini na mbili kuhusu miguu inayoburuta."

Ukweli ulijitokeza mwaka jana. Karani wa utafiti alikuwa akiingiza michoro ya zamani kwenye kompyuta, akaona aipange juu ya meza ndefu, faili moja moja. Karatasi kumi na nane za mtu mmoja zikakaa mstari mmoja.

"Dokta," akaita, "huyu mzima wetu, mbona konokono wake anapungua?"

Wa mwaka wa kwanza alijaza karatasi. Wa mwisho angefunikwa na kizibo cha chupa.

"Niliijua namba kabla sijageuza jalada," anasema daktari. "Utaratibu wetu ulikuwa kumlinganisha mzima na wagonjwa wa mwaka uleule. Hakuna aliyemlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka uliotangulia. Na utaratibu huo niliuandika mimi."

Wengi hudhani ugonjwa wa Parkinson ni kutetemeka. Mumewe anao, lakini hatetemeki hata kidogo. Amekuwa mzito tu, kifungo cha shati kinamchukua dakika tano.

"Dawa zisingemponya," anasema daktari. "Lakini zingempa mkono wake miaka mitatu, pengine minne. Duka lingekuwa wazi. Hilo linaniuma, na sitaki mtu aniambie lisiniume."

Mumewe, 63, ana maelezo yake. "Ananiomba radhi kila nikimeza kidonge, na nameza mara tatu kwa siku. Nikamwambia, mke wangu, mimi nilikuwa na huu mkono kutwa nzima na sikuona. Akanijibu kwamba mimi ni fundi saa, daktari ni yeye."

Tangu siku ile daktari anawaita wazima wote, mmoja mmoja, alinganishe michoro yao ya miaka yote. Wamekuja 32. Wawili wamekutwa na dalili na wameanza dawa. Mmoja ni fundi cherehani, bado anashona. Daktari anataka kuwafikia wote waliobaki kabla hajastaafu.

Kuna jambo moja tu limemshinda. Faili namba saba bado liko kwenye rafu ya wazima. Karani ameliulizia mara mbili, mara zote ameambiwa aliache.

Mezani, kalamu inasimama. Konokono ametoshea kwenye sarafu.

"Ongeza kidogo," daktari anamwambia mumewe kwa upole. "Mkubwa kadiri unavyoweza."

"Ndiye huyu, Dokta. Ndiye mkubwa wangu." Anamrudishia kalamu. "Nihamishe tu. Nimechoka kudanganya watu pale juu."

Daktari anabandua utepe, pembe moja baada ya nyingine. Anaandika tarehe, anaingiza karatasi ndani ya faili, anavuka chumba hadi rafu ya wagonjwa na kulipachika pale.

Kisha anarudi mezani, anavuta orodha ya wazima na simu.

"Bado themanini na saba," anasema, na kuanza kupiga.