Mikwaju ya Shangazi

Katika jengo lile la mafundi, hata waliomzidi umri walimwita Shangazi. Alikuwa mshonaji wa magauni, mjane aliyelea wanawe kwa cherehani moja, na hakuna aliyewahi kumwona ametoka nyumbani na pindo lililofumuka. Ulimi wake ulikuwa na makali kuliko mkasi wake, lakini gauni likikubana, alikuachia mishono bila kukuuliza ulikula nini.

Mwaka ule aligombea uenyekiti wa chama cha mafundi, na si kwa uchu wa cheo. Mpinzani wake, Fundi Makochi, alikuwa ametangaza kwamba akishinda, baraza ya mbele itapangwa makochi wateja wayaone, na washonaji watahamia chumba cha nyuma. Chumba hicho hakikuwa na dirisha la maana. Macho ya Shangazi yalishaanza kuchoka; bila mwanga wa barazani, kazi ingekuwa imemwisha.

Kura zikahesabiwa: ngoma droo. Wakaingia duru ya pili. Hakuna aliyebadili msimamo, wakatoshana nguvu tena. Mmoja akataka mwenyekiti anayeondoka apige kura ya uamuzi, akaambiwa katiba haimpi. Mwingine akataka irushwe sarafu. Ndipo katibu akafungua kifungu cha mwisho cha katiba, akasoma kimoyomoyo, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena kwa sauti. Waasisi wa chama, katika haraka ya kukisajili, walikuwa wameazima katiba ya timu ya mpira, wakaandika “mafundi” palipokuwa na “wachezaji”, wakaona wamemaliza kazi. Kifungu kilisema pande mbili zikilingana hadi mwisho, mshindi apatikane kwa mikwaju mitano mitano ya penalti.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kisha wakaona katibu hacheki.

Kaka yake Shangazi, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amekuja kushuhudia ushindi wa dada yake akiwa amevaa koti na tai. Akamvuta pembeni, akamsihi ajitoe. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu, akimbize mpira mbele za watu?

“Ukoo wetu una jina, dada.”

“Jina halitungi uzi kwenye sindano, kaka. Ninayetunga ni mimi.”

Uani wakasimamisha fremu mbili za makochi zikawa milingoti ya goli. Mlinzi wa jengo, mrefu kama ngazi, akawekwa golini. Fundi Makochi, ambaye tumbo lilimtangulia popote alipokwenda, alipiga wa kwanza ukaruka ukuta kwa jirani. Vijana waliokwenda kuurudisha mpira walipewa kazi hiyo mara nne zaidi. Mikwaju ya Shangazi ilibingirika taratibu hadi miguuni mwa mlinzi, kama mgeni anayepiga hodi.

“Shangazi, mpira hauombwi, unapigwa,” Fundi Makochi alimtania, akihema.

“Na goli liko chini, baba. Huko juu unamtafuta nani?”

Mitano mitano ikaisha bila bila. Mwenyekiti akatangaza mmoja mmoja hadi mshindi apatikane.

Shangazi akavua viatu. Akatazama pa kuviweka palipo pasafi, hakuona. Kaka yake, ambaye muda wote huo alikuwa ameupa mchezo mgongo akijifanya anasoma tangazo ukutani, akageuka, akanyoosha mkono akavipokea. Shangazi akashika pindo la gauni, akaurudisha nyuma mguu wa kulia, ule uliokanyaga cherehani maisha yake yote, akaupiga mpira. Mlinzi, aliyeshazoea kupigiwa hodi, alikuwa amesimama ametanua miguu. Mpira ukapita katikati yake, ukaingia golini.

Fundi Makochi akapiga wake kwa nguvu zake zote. Ukagonga fremu aliyoichonga mwenyewe, ukamrudia. Akaketi chini palepale, akacheka hadi machozi yakamtoka, akampa Shangazi mkono, naye Shangazi akamvuta kumwinua.

Washonaji walipiga vigelegele. Kaka akapiga magoti, akamfuta dada yake vumbi miguuni kwa leso ya mfukoni, akamvisha viatu kimoja baada ya kingine. Kisha akasimama, akanyoosha tai, akawaomba waliokuwepo kwa upole kwamba watakaoulizwa nje waseme tu Shangazi alishinda kwa kura.

“Kura tulitoka sare, kaka,” Shangazi akasema. “Waambieni nilifunga.”