Wiki Tatu Bila Sauti

Kijijini kwao, ng'ambo ya mto kutoka Garsen, hakuna kikao kilichoanza bila Mwanaarusi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, wa kamati ya maji, wa wazazi wa shule na wa kamati ya mazishi. Watu walitania kwamba hata maiti hangezikwa kabla yeye hajafika.

Mwaka huu akaamua kuwania uenyekiti wa muungano wa vikundi vyote vya eneo hilo. Mwezi mzima alikuwa juu ya pikipiki, leo Tarasaa, kesho Ozi, akihutubia kwenye vumbi. Asubuhi moja huko Tarasaa alisimama, akafungua kinywa, kikatoka kitu kama mlio wa bawaba yenye kutu.

Daktari wa zahanati alimmulika kooni. "Mama, umeichosha sauti. Wiki tatu usiseme neno. Hata kunong'ona usinong'one."

Uchaguzi ulikuwa baada ya wiki mbili.

Mwanaarusi hakukubali kushindwa. Alinunua daftari akaenda nalo kwenye kamati ya maji, ambako walikuwa wakijadili pa kuweka bomba jipya. Aliandika ukurasa mzima, akampa makamu wake, Hawo, ausome. Hawo alipoinua kichwa kusoma, wanakamati walikuwa wameshakubaliana bomba liwe karibu na shule, na chai inamiminwa. Mwanaarusi aliuchunguza uamuzi ule akitafuta kosa. Hakuliona. Hilo ndilo lililomuuma.

Alirudi nyumbani akajilaza, uso ukutani.

"Kwelea wameshuka kwenye mpunga," mumewe, Tahir, alimwambia kesho yake. "Kama ni kununa, twende ukanunie shambani, angalau tuokoe punje."

Akaenda. Kuamia ndege ni kazi ya kupiga kelele, basi Tahir akampa debe kuukuu na fimbo. Alikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, akagonga. Kundi zima likaruka kama shuka linalokung'utwa. Alicheka bila sauti mpaka mbavu zikamuuma.

Siku za mwanzo simu haikumwacha. Mtandao ulipatikana ukingoni mwa dungu tu, mkono ukiwa hewani, na mara mbili aliponea chupuchupu kuanguka. Alitaka kujua nani anamuulizia. Walioulizia wakapungua. Siku ya tisa aliisahau nyumbani, akakumbuka alasiri, akimenya ndizi ya kuchoma. Alingoja wasiwasi umpande. Haukupanda. Akala ndizi, akagonga debe.

Wiki ya tatu ilipoisha, Hawo alivuka mto kwa mtumbwi kutoka Garsen, akamkuta shambani.

"Dada, nimekuletea habari njema. Wameahirisha uchaguzi. Wanakungoja wewe."

Mwanaarusi alikohoa kidogo, akaijaribu sauti. Ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Gombea wewe, Hawo."

"Mimi? Nani amekuudhi?"

"Hakuna aliyeniudhi. Sitaki tu."

"Wewe? Hutaki?" Hawo alimtazama kana kwamba homa imempanda. "Na zile safari zote?"

"Nilikuwa nakimbia, dada. Ukiniuliza nilikuwa nakimbilia wapi, sikujui." Alijishangaa kwa kuyasema hayo bila uchungu. Mabega yake, ambayo miaka yote yalikuwa karibu na masikio, yalikuwa yameshuka. "Keti ule mchicha. Tahir amepika, chumvi imezidi."

Hawo aligombea, akashinda. Mwanaarusi alikabidhi kamati zote akabakiza ya mazishi, kwa sababu huko, alisema, hakuna anayepiga kampeni. Kwenye vikao vya wengine hukaa nyuma, na ulimi ukimwasha hunywa maji.

Aliyelalamika ni Tahir peke yake. Maneno yote ya kamati tatu sasa yanamwishia yeye, tangu alfajiri. Hulalamika hivyo huku akimsogezea mkeka, kisha humuuliza, "Enhe, halafu?"